Sindano Ilitikisika, Hakuna Aliyeiona

Hotuba hii niliitoa kwenye mahafali ya mafunzo ya ufundi umeme. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nilichoondoa ni kikohozi, pamoja na zile dakika mbili nilizotumia kutafuta miwani iliyokuwa kichwani mwangu.

Ndugu mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi, nanyi wahitimu ambao naona majoho yameshawachosha kabla sijafungua mdomo:

Nimepewa mada ya wavumbuzi wa umeme na nishati, wa zamani na wa sasa. Najua mnatarajia orodha: fulani alivumbua balbu, fulani mota, fulani betri, kisha makofi, kisha picha. Orodha hiyo mnayo madaftarini. Mliikariri kwa ajili ya mtihani mkaisahau kesho yake, na wala siwalaumu. Nimeshika bisibisi zaidi ya miaka 30 na sijawahi kuitwa kwenye hitilafu iliyoniuliza nani alivumbua nini. Hitilafu huuliza swali moja tu: hapa kimekwama nini? Basi na wavumbuzi leo nitawapitisha kwenye swali hilo hilo la fundi.

Hapa mezani nina koili ya waya wa shaba, mizunguko 500, nimeisuka mwenyewe jana usiku. Ncha zake zimeungwa kwenye galvanomita hii, kipimo cha mkondo mdogo, yenye sifuri katikati. Na hii ni sumaku ya mche. Mlio mbele, tazameni sindano. Naingiza sumaku: imeenda kulia. Sasa nimeiacha humo humo, siigusi. Inasomaje? Sifuri. Naichomoa: imeenda kushoto, imerudi sifuri. Sumaku iliyotulia haizai kitu hata ukikaa nayo hadi kesho. Kinachozaa umeme ni mwendo, na sindano hutikisika kwa muda wa kupepesa macho tu.

Sasa sikilizeni kisa cha Jean-Daniel Colladon. Mwaka 1825, mjini Geneva, bwana huyu alikuwa na vitu hivi hivi vitatu. Alikuwa mtu makini, na umakini wake ndio uliomponza. Alihofia sumaku isije ikaivuta sindano moja kwa moja ikamdanganya, kwa hiyo galvanomita akaiweka chumba kingine na kuiunga kwa nyaya ndefu. Akaingiza sumaku kwenye koili, akatembea hadi chumba cha pili kusoma. Sifuri. Akarudi, akajaribu tena, akatembea tena. Sifuri.

Naona mmeanza kucheka, kwa hiyo mmeshaelewa. Kila mara sindano ilitikisika. Ilitikisika na kutulia yeye akiwa bado njiani. Alikuwa na koili sahihi, sumaku sahihi, kipimo sahihi na wazo sahihi. Alichokosa ni mtu wa kukaa karibu na sindano na kupiga kelele.

Miaka sita baadaye alikuja Michael Faraday. Baba yake alikuwa mhunzi, na yeye mwenyewe shule aliiacha mapema, akafundishwa kazi ya kujalidi vitabu, akawa anasoma kila alichokijalidi. Mwaka 1812 alipata tiketi za kuhudhuria mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy. Akaandika aliyoyasikia, akachora michoro, akayajalidi yote kama kitabu, akamtumia Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara kwenye Royal Institution ya London. Ningependa kumwona kijana wa leo anayeomba kazi kwa namna hiyo.

Tarehe 29 Agosti 1831 Faraday alichukua pete ya chuma laini, akasokota koili moja upande huu na nyingine upande ule. Ilibidi kila tabaka la waya alitenganishe na jingine kwa kitambaa na uzi. Mliosuka mota mnaijua adha hiyo. Koili moja akaipa betri, nyingine akaipitisha karibu na sindano. Alipounga betri, sindano ikatikisika na kutulia. Alipokata, ikatikisika tena, upande wa pili. Katikati ya hapo, mkondo ukipita kwa utulivu, hakuna kitu. Watu wengi walikuwa wakitafuta umeme wa kudumu kutoka kwenye sumaku iliyolala tu. Faraday akaamini ule mtikisiko mdogo ambao mwingine angeuita kasoro ya kipimo. Miezi michache baadaye akawa ameshachovya sumaku kwenye koili kama nilivyofanya hapa, na ameshazungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku akapata mkondo usiokatika. Kila jenereta mnayoijua, ya maji, ya mvuke, ya upepo, ni mjukuu wa sahani ile.

Kwa haki niseme kwamba Joseph Henry, kule Marekani, aliuona mtikisiko huo huo karibu wakati uleule. Alichelewa kuutangaza. Wakampa jina la kipimo, ile henri mnayoandika kwenye hesabu za koili. Na wote wawili wasingefika popote bila Alessandro Volta, ambaye mwaka 1800 alipanga vipande vya zinki na fedha kwa zamu, katikati akaweka vitambaa vilivyoloana maji ya chumvi, akapata mkondo unaoendelea. Kabla yake umeme ulikuwa wa cheche tu, unaruka na kuisha.

Nimekaa sana hapo, najua. Ile sindano ndiyo iliyonileta leo.

Tuje kwenye balbu, maana ukiuliza nani aliivumbua, watu hujibu Edison kabla swali halijaisha. Kitu kung'aa kwa umeme kilijulikana miaka mingi kabla yake. Davy, yule yule, alionyesha taa ya tao mwanzoni mwa karne ya 19: ncha mbili za kaboni na moto mweupe katikati. Taa hizo zilikuwa kali mno kwa chumba na zilikuwa na tabia ya kulia *shhhh* na kupepesuka. Aliyekuja kueleza kwa nini zinalia ni Hertha Ayrton, mwanahisabati wa Kiingereza: oksijeni ilikuwa ikiifikia kaboni pale penye joto kali. Mwaka 1899 akawa mwanamke wa kwanza kupokelewa kwenye chama cha wahandisi umeme wa Uingereza. Mwaka 1902 akapendekezwa Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza, ikakataa, kwa hoja kwamba mwanamke aliyeolewa hatambuliki kisheria. Mwaka 1906 Royal Society hiyo hiyo ikampa nishani. Hapo kilichokuwa kimekwama hakikuwa cha umeme.

Balbu yenyewe ilikwama sehemu mbili. Kwanza hewa. Uzi ukipata moto penye oksijeni unaungua mara moja, na pampu nzuri ya kuondoa hewa ilipatikana tu baada ya Hermann Sprengel kutengeneza pampu yake ya zebaki mwaka 1865. Pili, uzi wenyewe. Joseph Swan kule Uingereza alikuwa na balbu ya kaboni karibu wakati mmoja na Edison, na mwisho wakaunganisha biashara zao mwaka 1883. Kinachompa Edison nafasi yake, kwa maoni yangu, ni hesabu. Aliona kwamba uzi mnene wenye ukinzani mdogo utavuta ampea nyingi, na ampea nyingi zinataka nyaya nene za shaba mtaa mzima, na hapo biashara imekufa. Akatafuta uzi mwembamba wenye ukinzani mkubwa: nyuzi za pamba zilizochomwa zikawa kaboni mwaka 1879, kisha mianzi. Tarehe 4 Septemba 1882 akawasha kituo cha Pearl Street, New York, taa 400 hivi kwa kuanzia, kukiwa na jenereta, nyaya zilizozikwa chini ya barabara, fyuzi, mita na soketi. Soketi ya kuzungusha mnayoiandika E27 kwenye orodha ya vifaa, hiyo E ni Edison, na 27 ni milimita za kipenyo.

Ila nyuzi za kaboni zilikuwa zikivunjika kiwandani. Unazikata vizuri, unaziweka kwenye tanuru zichomwe bila hewa, zinatoka zimepinda au zimekatika. Hapa ndipo anapoingia mtu ninayempenda kuliko wote wa kundi lile, Lewis Latimer.

Wazazi wake walitoroka utumwa huko Virginia mwaka 1842. Yeye alizaliwa mwaka 1848, akatumikia jeshi la majini la Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe akiwa bado kijana mdogo, kisha akapata kazi ya utarishi kwenye ofisi ya wanasheria wa hataza, zile hati za kulinda uvumbuzi. Ofisini humo kulikuwa na mchoraji wa michoro ya kiufundi. Latimer akawa anamwangalia mkono unavyokwenda, akanunua vifaa vilivyotumika, akajifunza usiku. Siku moja akaomba aruhusiwe kuchora. Wakacheka, wakampa, wakaacha kucheka. Mwishowe akawa mkuu wa wachoraji wa ofisi ile, na michoro ya hataza ya simu ya Alexander Graham Bell, mwaka 1876, ni kazi ya mkono wake.

Mwaka 1882 akapata hataza ya namna ya kutengeneza nyuzi za kaboni. Wazo lake ni rahisi hata linatia aibu. Uzi ukichomwa unasinyaa, lakini kinachoushikilia ndani ya tanuru hakisinyai, kwa hiyo lazima ukatike. Latimer akauweka uzi ndani ya bahasha ya karatasi ngumu inayosinyaa pamoja nao. Basi. Vyote viwili vinapungua kwa mwendo mmoja, na uzi unatoka mzima. Huo mkwamo ulikuwa mbele ya macho ya kila aliyefungua tanuru na kukuta nyuzi zimekatika. Baadaye alisimamia ufungaji wa taa New York, Philadelphia, Montreal na London, na kule Montreal alijifunza Kifaransa ili aweze kuelewana na vibarua. Watu husambaza kwamba yeye ndiye mvumbuzi wa uzi wa kaboni. Si kweli, na hahitaji sifa ya kupakwa wakati yake halisi ipo.

Sasa chukueni kalamu, hesabu moja tu. Pearl Street ilifua mkondo mnyoofu, DC, volti 110 hivi, na haukufika mbali zaidi ya kilomita moja na nusu. Kwa nini? Tuseme unataka kupeleka wati 10,000 kwa waya wenye ukinzani wa nusu omu. Ukitumia volti 100, zinapita ampea 100. Kinachopotea kuwa joto ndani ya waya ni ampea mara ampea mara ukinzani: 100 mara 100 mara nusu, wati 5,000. Nusu ya umeme wako umepasha joto waya. Pandisha volti ziwe 1,000: ampea zinakuwa 10, kinachopotea ni wati 50. Volti zimeongezeka mara kumi, hasara imepungua mara mia. Hilo ndilo jibu la kwa nini nguzo kubwa zinabeba volti za kuua tembo.

Lakini huwezi kumwingizia mtu volti hizo ndani ya nyumba. Unahitaji kitu cha kupandisha huku na kushusha kule, na kitu hicho kilikuwepo. Kumbukeni ile pete ya Faraday, koili mbili juu ya chuma kimoja. Hiyo ni transfoma. Ilikuwepo tangu 1831, na kwa miaka 50 hakuna aliyeifanya iwe kifaa cha kusambazia umeme majumbani. Mwaka 1885 vijana watatu wa Budapest, Ottó Bláthy, Miksa Déri na Károly Zipernowsky, wakaifunga chuma chake kikamilifu ili uga wa sumaku usivuje, wakaziunga transfoma kwa sambamba, kila moja ikijitegemea. Mwaka uliofuata William Stanley akawasha mji mdogo wa Great Barrington huko Marekani kwa njia hiyo. Transfoma inataka mkondo geu, AC, kwa sababu ile ile ya sindano: mkondo uliotulia hautikisi chochote upande wa pili.

Jaribio ninalolipenda ni la 1891. Kwenye maonyesho ya Frankfurt, Ujerumani, walileta umeme wa mkondo geu wa fezi tatu, yaani mikondo mitatu inayofika kileleni kwa zamu, kutoka kwenye maporomoko ya mto Neckar huko Lauffen, kilomita 175. Asilimia 75 hivi ya nguvu ilifika. Wakawasha taa elfu moja, na kwa mota moja wakasukuma maji ya maporomoko ya bandia pale uwanjani. Maporomoko yanaendesha maporomoko mengine, umbali wa safari ya treni. Anayeniambia wahandisi hawana ucheshi nitampeleka Frankfurt.

Ugomvi wa Edison wa DC na George Westinghouse wa AC sitausimulia, mmeshautazama kwenye sinema. Niongeze tu kwamba DC haikufa. Mwaka 1954 Sweden ilipeleka umeme wa DC wa volti 100,000 chini ya bahari hadi kisiwa cha Gotland, kwa sababu kebo ndefu ya baharini huila AC njiani. Paneli ya sola, betri, simu na taa ya LED zote ni DC. Mshindi wa vita ile bado anacheza dakika za nyongeza.

Nitoe kisa cha aibu yangu. Nikiwa mwaka wa kwanza kazini nililetewa feni ya mezani inayovuma bila kuzunguka. Nikapima fyuzi. Nikapima waya. Nikaifungua, nikasafisha beringi, nikatia oili. Ikavuma vizuri zaidi. Fundi wangu mkuu akaja na kijiti cha ufagio, akasukuma panga moja polepole, feni ikaondoka na kuzunguka kama mpya. Akasema, "Kapasita," akaenda zake.

Nilichukua miezi kuelewa alichosema. Koili moja ya mkondo geu huzaa uga wa sumaku unaokwenda na kurudi, kama mtu anayesukuma na kuvuta mlango. Mlango hauzunguki. Ila ukiwa na mikondo miwili isiyofika kileleni wakati mmoja, uga wenyewe unaanza kuzunguka na rota, ile sehemu ya mota inayozunguka, inaufuata. Kapasita ndiyo inayoutanguliza mkondo mmoja mbele ya mwenzake. Ikifa, unabaki na mlango. Wazo hilo la uga unaozunguka lilitokea kwa watu wawili wasiojuana: Galileo Ferraris huko Turin, aliyelitangaza Machi 1888, na Nikola Tesla huko New York, aliyepata hataza zake Mei mwaka ule ule. Ferraris alifika mapema maabarani, lakini akapiga hesabu na kuamua kwamba mota ya namna hiyo haitakuwa na maana kibiashara. Tesla hakuamua hivyo. Kisha Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, Mrusi aliyefanya kazi Ujerumani, akaleta fezi tatu na rota isiyo na brashi, na ndiyo mota mtakayoifungua Jumatatu asubuhi mkianza kazi.

Betri nitaanza na mtu wa Morocco. Rachid Yazami alizaliwa Fez mwaka 1953. Wakati yuko masomoni Grenoble, Ufaransa, dunia nzima ya betri ilikuwa imekwama na lithiamu. Stanley Whittingham alikuwa ameonyesha katika miaka ya 1970 kwamba betri ya lithiamu inawezekana, lakini upande wa hasi ulikuwa wa lithiamu yenyewe, na kila unapoichaji inaota miiba kama ukungu. Mwiba ukivuka upande wa pili, inashoti na kuwaka moto. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake kule Oxford wakapata upande mzuri wa chanya. Upande wa hasi bado ulisumbua.

Grafiti, ile ya kwenye penseli, ilikuwa mgombea mzuri, maana imepangwa kwa tabaka kama kurasa za kitabu na lithiamu ingeweza kulala katikati ya kurasa. Walioijaribu waliiona ikivurugika. Kimiminika cha betri kilikuwa kikiingia pamoja na lithiamu na kuzichana kurasa. Yazami akauliza: kwani lazima kiwe kimiminika? Akatumia elektrolaiti ngumu ya polima, isiyoweza kupenya, na lithiamu ikaingia na kutoka bila kuichana grafiti. Grafiti haikuwa na kosa. Aliyekuwa akiingia naye ndiye mkorofi. Akira Yoshino akaunda betri kamili huko Japani mwaka 1985, Sony wakaiuza mwaka 1991, na leo betri nyingi za lithiamu zina grafiti upande wa hasi. Mwaka 2014 Yazami alipewa tuzo ya Draper ya wahandisi pamoja na Goodenough, Yoshino na Yoshio Nishi. Nobel ya 2019 ikaenda kwa Goodenough, Whittingham na Yoshino. Nobel moja haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu. Kwa maoni yangu hiyo ni kanuni mbovu kwa fani ambayo kitu hakiwashwi na watu watatu.

Taa za LED nipite haraka. Nyekundu ilipatikana mwaka 1962. Buluu ilichelewa miaka 30, na bila buluu hakuna nyeupe. Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano waling'ang'ania galiamu naitraidi, kitu cha kutoa mwanga wa buluu, wakati wengi walishaikimbia, kwa sababu fuwele zake zilitoka na nyufa. Wakapata dawa mwaka 1986: tabaka jembamba la kulainisha, lililotandikwa kwa joto la chini kuliko kawaida. Baadaye Amano alipoiangalia sampuli yake kwa hadubini ya elektroni akaona inazidi kung'aa kadiri anavyoitazama. Miale ya hadubini yenyewe ilikuwa ikiirekebisha. Angekuwa ameenda chumba kingine asingeona. Shuji Nakamura akapata matokeo hayo hayo kwa kuipasha joto tu, na wote watatu wakapewa Nobel mwaka 2014.

Kisa cha William Kamkwamba wa Malawi mnakijua, aliyejenga kinu cha upepo kwa baiskeli na feni ya trekta baada ya kukosa ada. Watu humsifu kwa kinu. Mimi namsifu kwa kitu kingine. Nyaya zake zilipopiga cheche darini, alitengeneza kikata umeme kwa misumari, waya na sumaku: mkondo ukizidi, msumari uliosokotwa waya unakuwa sumaku na kuvuta swichi. Kijana asiye na cheti alijua kwamba kufua umeme ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuuzuia usiunguze nyumba. Kuna wahandisi wenye vyeti vitatu ambao nimefungua maboksi yao na sikuona hilo.

Nimalizie na jua, maana ndiko wengi wenu mnakoelekea. Edmond Becquerel aliona mwanga ukizaa umeme mwaka 1839, akiwa na miaka 19. Charles Fritts akatengeneza seli ya seleniamu mwaka 1883, ikageuza asilimia moja hivi ya mwanga. Kisha kukakwama miaka 70. Katika maabara za Bell, Daryl Chapin alikuwa akitafuta umeme wa mitambo ya simu kwenye nchi zenye unyevu, ambako betri kavu zilikuwa zikioza. Alihangaika na seleniamu hadi mwenzake Gerald Pearson akamwambia aiache, achukue silikoni ambayo Calvin Fuller alikuwa amejifunza kuichanganya na kemikali nyingine. Aprili 1954 wakaonyesha seli ya asilimia 6, ikizungusha kibembea cha kuchezea watoto. Miaka ya 1970 wati moja ya paneli ilikuwa zaidi ya dola 70 za Marekani. Leo ni chini ya nusu dola.

Kilichokwama sasa hivi mnaweza kukigusa. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake, Japani, walionyesha seli ya jua ya perovskaiti, aina nyingine ya fuwele, ikigeuza asilimia 3.8 ya mwanga. Leo maabarani zimevuka 25. Inapakwa kama rangi, haitaki tanuru la silikoni. Ila unyevu, joto na hata mwanga wenyewe unaila, wakati silikoni inakaa juu ya paa miaka 25. Na kwenye betri, sodiamu ni rahisi na imejaa kwenye chumvi, lakini haitulii kwenye kurasa za grafiti kama lithiamu inavyotulia. Yaani tumerudi kwenye swali la Yazami, na kwenye karatasi mpya.

Mgeni rasmi ananionyesha saa. Koili, sumaku na galvanomita naviacha hapa mezani hadi jioni. Atakayetaka kujaribu aje na mwenzake: mmoja ashike sumaku, mwingine akae kwenye sindano.